Kuifikia seva iliyo ng'ambo ya maji

Kazi yetu ni kutunza seva za watu. Ofisi iko Mwanza mjini, lakini seva zenyewe zimetawanyika: chache ziko hapa hapa Nyamagana na Ilemela, nyingine Sengerema na Geita, nyingine Bukoba, nyingine Nansio kisiwani Ukerewe. Wenyewe ni vyama vya akiba na mikopo, hospitali, shule, maghala ya samaki. Wengi wana kabati moja la chuma, ndani yake seva moja hadi tatu, swichi, ruta, na UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) chini kabisa, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo. Hakuna mtu wa IT anayekaa pale. Mtu wa IT ni sisi, na sisi tuko ng'ambo.

Sengerema na Geita zimesogea karibu tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi. Zamani ulikuwa unapanga foleni ya kivuko; sasa gari linakata maji kama kilomita tatu bila kusimama. Nansio haijasogea. Ama upande meli Mwanza, ama uzunguke kwa Bunda hadi Kisorya, uvuke kwa kivuko kwenda Rugezi. Bukoba ni usiku mzima melini, na meli haiondoki kila siku, au siku nzima barabarani. Seva ikigoma kuwaka saa mbili usiku, hakuna chombo kitakachokufikisha mapema. Kwa hiyo ninapozungumzia vifaa vya kuiona skrini ya seva na kuibonyezea kibodi ukiwa mbali, nazungumzia kitu kinachoamua kama mhasibu wa chama atafungua dirisha asubuhi au atawarudisha wanachama nyumbani.

Kabla ya vifaa hivi tulitumia macho ya walinzi. Simu inapigwa usiku: "Shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu, naomba uniingilie kwenye kile chumba cha mashine." "Marahaba mwanangu, nimeshaingia. Imejaa Kizungu." "Mstari wa mwisho kabisa unasemaje, mzee?" Hapo mzee anaanza kukusomea herufi moja moja, na wewe huku unaandika kwenye karatasi. Anasoma F, anasoma moja, unagundua seva inasubiri mtu abonyeze F1 ili iendelee. Anabonyeza, inawaka, mnashukuriana. Wazee hawa walituokoa mara nyingi na ninawaheshimu kwa hilo. Lakini siku tatizo linapokuwa diski iliyoharibika, au mfumo wa mafaili unaotaka kukarabatiwa kwa amri tatu zilizoandikwa bila kukosea alama, njia hiyo inafika mwisho. Tena si haki kumbebesha mlinzi dhamana ya data za watu.

Simu zile ndizo zilizonionyesha mahitaji yenyewe. Mtu aliye mbali anataka kusoma neno kwa neno kile ambacho seva inasema tangu sekunde inayowashwa, anataka kubonyeza kibodi kabla mfumo endeshi (Linux au Windows) haujaamka, na anataka kukata umeme na kuurudisha. Programu za kuingia kwenye seva kwa mtandao, hata zile nzuri, hazifanyi lolote kati ya hayo, kwa sababu zinaishi ndani ya mfumo endeshi. Mfumo usipoamka, nazo hazipo. Ukikosea mstari mmoja kwenye mipangilio ya mtandao, umejifungia nje.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni ndani ya seva yenyewe. Seva nyingi za kabati zina kompyuta ndogo ya pili kwenye bodi, yenye umeme wake wa kusubiri na mara nyingi poti yake ya mtandao, inayoendelea kufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa ilimradi waya wa umeme umechomekwa. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, Supermicro na wengine wana za kwao. Msingi wa pamoja uliwekwa mwaka 1998 pale Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC walipotoa IPMI, kanuni za kuisimamia mashine ukiwa mbali, na mwaka 2015 ukaja mrithi wake, Redfish, anayezungumza kwa njia za kawaida za wavuti. Kupitia kompyuta hiyo unaweza kuwasha na kuzima, kusoma joto na hali ya feni, na kuona kumbukumbu za hitilafu za vifaa.

Kuiona skrini yenyewe ni habari nyingine, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa kanda yetu wanapoumia. Kwa seva za kabati za Dell, konsoli ya mbali, yaani skrini na kibodi ya seva kupitia mtandao, inahitaji leseni ya Enterprise au ya juu zaidi, ile ya chini iitwayo Express haikupi. Kwa seva za HPE za aina ya DL, bila leseni ya Advanced unaiona skrini wakati wa kuwaka tu, kisha mfumo endeshi ukishika hatamu picha inakatika. Nusu ya seva ninazozikuta huku ni mitumba kutoka Ulaya au Dubai, mashine imara kabisa ambayo bado ina miaka ya kazi. Muuzaji anakwambia "ina iDRAC" na hasemi uongo. Mimi naomba picha ya ukurasa wa leseni kabla pesa haijatoka, ikionyesha namba ya mashine ile ile, kwa kuwa leseni hizi hufungwa kwenye mashine husika. Naomba pia anihakikishie kwamba konsoli inafunguka ndani ya kivinjari cha leo. Mashine za zamani zilitegemea Java kwenye kivinjari, na Chrome iliacha kukubali vipachikwa (programu za nyongeza) vya namna hiyo mwaka 2015, Firefox mwaka 2017. Kuhifadhi laptopu ya zamani kwa ajili ya kufungulia skrini ya seva moja ni mzigo ambao siku ya dharura hutaupenda.

Kama seva haina kompyuta hiyo ya pili, au leseni yake ni ghali kuliko seva yenyewe, kuna KVM ya mtandao: kisanduku kinachochomekwa kwenye poti ya skrini na USB za seva, kikichukua picha na kuituma, kikipokea kibodi na mausi kutoka kwako. Kampuni kama Raritan na ATEN zinatengeneza za poti nyingi kwa ajili ya makabati yaliyojaa. Kwa seva moja au mbili, tumeridhika na PiKVM inayojengwa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi: programu yake iko wazi, inakupa hata BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla ya mfumo endeshi), na unaweza kuipandishia faili la kusakinishia mfumo, seva ikaliona kama flashi iliyochomekwa. Angalizo langu moja: PiKVM inapokea picha ya HDMI, seva nyingi za kabati zinatoa VGA, poti ya skrini ya kizamani. Kigeuzi cha VGA kwenda HDMI cha bei ya chini hukupa picha nzuri mezani, kisha seva inapobadilisha ukubwa wa skrini katikati ya kuwaka picha inapotea, na sekunde zile zile ndizo ulizokuwa unazihitaji. Jaribu kigeuzi na seva yenyewe, uiwashe na kuizima, kabla hujakipeleka kisiwani.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote hivi, na ambacho vijana wanaoanza kazi hii hukiruka wakidhani ni cha makumbusho: poti ya siriali. Ile ya pini tisa nyuma ya seva, au ile yenye umbo la RJ45 iliyoandikwa konsoli kwenye swichi na ruta. Kanuni yake, RS-232, ni ya mwaka 1960. Inatuma herufi moja baada ya nyingine na haijui picha ni nini. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde inapitisha herufi kama 960 kwa sekunde, na skrini nzima ya maandishi yenye safu 80 na mistari 24 ina herufi 1,920. Yaani skrini kamili inakufikia ndani ya sekunde mbili kwenye kasi ambayo simu ya kitochi isingeishindwa. Ukipanda hadi 115200 huoni hata kusubiri. Linganisha na picha ya KVM inayovuta bando bila kupumzika, halafu mtandao ukishuka kidogo mausi inabaki nyuma, unabonyeza mara mbili pasipotakiwa.

Kifaa kinachokusanya poti hizi huitwa seva ya konsoli. Opengear na Digi ni majina yanayofahamika, na zipo za poti 4, 8, 16 na kuendelea. Hata kompyuta ndogo yenye nyaya za USB za siriali inaweza kufanya kazi hiyo kwenye kabati dogo. Upande wa seva ya Linux unaiambia keneli, kiini cha mfumo endeshi, izungumze huko kwa kuongeza console=ttyS0,115200 kwenye mistari ya kuwashia, na unafanya hivyo hivyo kwa programu ya kuwashia yenyewe ili uweze kuchagua keneli ya zamani ile mpya ikigoma. BIOS nyingi za seva nazo hukubali kuelekeza maandishi yake kwenye siriali. Yote haya yapangwe seva ikiwa mezani kwako. Siku ya tatizo hakuna pa kuyapanga.

Faida ambayo sikuwahi kuisoma kwenye tangazo lolote la muuzaji ni kwamba seva ya konsoli inasikiliza hata wewe ukiwa umelala. Kila herufi inayotoka inaandikwa kwenye faili. Tulikuwa na seva moja ya chama cha akiba na mikopo iliyokuwa inaganda usiku. Asubuhi inazimwa, inawashwa, inafanya kazi siku nzima kana kwamba hakuna kilichotokea. Logi za ndani (kumbukumbu za matukio) zilikuwa safi, zinaishia katikati ya shughuli za kawaida. Watu walishasema umeme, wakasema joto, wakasema programu ya uhasibu. Tulipoweka siriali na kuacha inaandika, usiku uliofuata ikaganda tena, na kwenye faili kulikuwa na mistari kadhaa ambayo diski isingeweza kuihifadhi kamwe: kidhibiti cha diski kiliacha kujibu, keneli ikajaribu kukirudisha, ikashindwa, ikaondoa diski zote. Logi hazikuwa na kitu kwa sababu mahali pa kuziandika ndipo palipokufa. KVM ya picha ingekuonyesha skrini iliyoganda kama ungekuwa macho saa hiyo, na pengine mistari ya muhimu ingekuwa imeshapanda juu na kupotea. Tulibadilisha kadi ya kidhibiti hicho, seva ikatulia. Tangu hapo siweki kabati lolote bila siriali inayoandika, hata kama seva ina konsoli ya picha yenye leseni zote.

Lakini hata kifaa bora ni chuma tu kama hakifikiki. Nikiulizwa na mtu anunue kipi, nami namuuliza: ukikatikiwa faiba ya ofisi ile, utapita wapi? Wengi huchomeka iDRAC au KVM kwenye swichi ile ile na ruta ile ile inayobeba kazi za kila siku. Siku tatizo ni ruta, au ni swichi, au ni mtu aliyebadilisha mipangilio ya faiwoli kutoka Mwanza, konsoli imekwenda pamoja na kila kitu. Nyumba yenye watoto wengi hujengwa mlango wa nyuma. Kabati lenye data za watu nalo lipewe njia yake ya pili.

Kwetu njia hiyo ni modemu ndogo ya 4G yenye laini yake. Mambo yanayoiangusha sikuyakuta kwenye kitabu, niliyakuta huku kando ya ziwa. Laini za simu hazikupi anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje. Mtandao unawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo usinunue kifaa kinachotaka ukipigie. Nunua kinachoweza chenyewe kujenga handaki la VPN, njia iliyofungwa ndani ya intaneti, kuja ofisini na kulishikilia. Programu ya WireGuard inafanya hilo vizuri: unaipangia itume pakiti ndogo kila sekunde 25 ili njia isifungwe, na matumizi yake ya bando ni madogo mno.

Kisha kuna bando lenyewe. Laini ya malipo ya kabla inaisha muda siku ya mapumziko, na hakuna anayejua mpaka siku unayoihitaji. Iwekwe kwenye mpango wa malipo ya baadaye au ijinunulie yenyewe, na handaki likianguka upate ujumbe saa hiyo hiyo. Laini isajiliwe kwa jina la kampuni. Tangu muda wa usajili wa alama za vidole ulipoisha Januari 2020, laini isiyo na mwenyewe anayetambulika huzimwa, na laini iliyosajiliwa kwa kidole cha kijana aliyeacha kazi ni yake yeye, si ya mteja wako. Hili nimeliona likizuia watu kufika kwenye mashine zao wenyewe.

Tena chagua mtandao tofauti na ule unaoleta intaneti kuu, na ukiweza tazama mnara. Minara mingi inabeba mitandao zaidi ya mmoja, kwa hiyo kampuni mbili zinaweza kukosa umeme dakika moja. Mahali pengine antena ya nje iliyoinuliwa juu ya bati, ikielekea mnara wa mbali zaidi, ilitufaa kuliko modemu ya gharama.

Mei 2024 ilinipa somo jingine. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Intaneti ya kwenda nje ilikuwa kama haipo. Vifaa vyetu ambavyo handaki lake linaishia Mwanza vilifikika, kwa sababu mazungumzo hayo hayatoki nchini. Kifaa ambacho lazima uingie kwanza kwenye tovuti ya mtengenezaji huko ng'ambo ndipo ikuunganishe hakikufikika, ingawa kilikuwa mtaa wa pili kutoka ofisini. Sasa hilo ni sharti langu la kununua: konsoli ifunguke moja kwa moja, bila kuomba ruhusa ya mashine iliyoko bara jingine.

Umeme nao. Dhoruba za ziwa hupiga sana usiku, na radi za huku si za mchezo. Kifaa cha konsoli na modemu yake vikae kwenye UPS, ikiwezekana ndogo ya kwao peke yao, kwa sababu seva zikimaliza chaji ya UPS kubwa, wewe bado unataka kuona kilichotokea. Vifaa vinavyokula volti 12 za moja kwa moja navipenda kwa hilo. Betri ya kawaida inavishikilia muda mrefu. Kisha PDU inayoamriwa kwa mtandao, ile safu ya soketi ambayo unaweza kuzima moja na kuacha nyingine. Seva iliyoganda unaweza kuizima kupitia iDRAC, lakini swichi, ruta, na iDRAC yenyewe ikiganda, soketi ndiyo inayobaki. Na kwenye BIOS ya kila seva hakikisha umeweka iwake yenyewe umeme ukirudi, ukiipa kila moja ucheleweshaji wake ili zisivute umeme kwa pamoja.

Usalama siufanyii mzaha, kwa sababu anayeishika konsoli ameishika mashine yote. Mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alionyesha udhaifu mkubwa wa IPMI: kwa kanuni ya toleo la 2.0, mashine inamkabidhi mtu yeyote anayejua jina la mtumiaji kivuli cha nenosiri (nenosiri lililofichwa kwa hesabu) kabla hajaingia, naye akakivunje nyumbani kwake kwa raha zake. Mwaka 2017 iLO 4 ilikutwa na tundu ambalo herufi A 29 mfululizo zilitosha kupita bila nenosiri, mpaka programu dhibiti iliposasishwa. Kuna kabati nililolikuta iDRAC ikiwa na root na calvin, maneno yanayojulikana dunia nzima, ikiwa wazi kwenye intaneti. Poti hizi zikae kwenye mtandao wake zenyewe, zifikiwe kwa VPN tu, na kama hutumii IPMI ya mtandao, izime.

Kwa anayeanza na fedha kidogo, mpangilio wangu ni huu. Pesa ya kwanza iende kwenye njia: modemu, laini, handaki, na betri yake. Ya pili kwenye siriali ya seva, swichi na ruta. Ya tatu kwenye soketi zinazoamriwa. Skrini ya picha ije baada ya hapo, kwa leseni kama seva inaikubali, kwa PiKVM kama haina. Mashine za Windows zinaweza kukulazimisha kupandisha picha juu kwenye foleni hii, maana siriali haizisaidii sana. Na kila mwezi tunang'oa waya wa faiba kwa makusudi, kwa makubaliano na mteja, tuone kama bado tunaingia.

Nansio ndiyo iliyobaki kutuumiza kichwa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu betri ya modemu inaisha kabla haujarudi, na tunajadiliana na mwenye seva kama aweke paneli ndogo ya jua juu ya bati kwa ajili ya modemu na kifaa cha konsoli peke yake, bila seva. Fundi wa sola tumeshampata, yuko Nansio kwenyewe. Bado mwenye jengo hajaruhusu bati litobolewe.